Mikoani Malipo Kwanza

Kifurushi kilichoandikwa "Mwita Chacha, Tarime" hakina mwenyewe. Kwetu kina Mwita ni wengi, kina Chacha ni wengi, na wenye majina yote mawili wanaweza kujaza basi na wengine wakasimama. Bhoke Marwa ni hivyo hivyo, na Ghati, na Rhobi, na Wankuru. Nilipoanza kukaa kwenye meza ya vifurushi pale stendi ya Tarime, jambo la kwanza nililojifunza ni kutoliangalia jina. Naangalia namba ya simu. Namba ikifutwa na mvua, au na oili iliyovuja kwenye mzigo wa jirani, kifurushi kinalala rafuni mpaka atokee mtu anayeweza kutaja kilichomo ndani kabla hakijafunguliwa.

Meza yangu ina kazi mbili. Upande mmoja ni simu za miamala, maana mimi ni wakala wa kuweka na kutoa fedha. Upande wa pili ni daftari la mizigo inayoshushwa na mabasi ya Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Fedha ya mnunuzi inapita mkononi mwangu ikienda, na alichokinunua kinapita mkononi mwangu kikija. Watu wanaojua kuandika juu ya biashara ya mtandaoni wengi wanaiona kwenye kioo cha simu. Mimi naiona ikifika imefungwa kwa selotepu, mara nyingine imelowa. Kwa hiyo nimeona nitoe ushuhuda wangu, kwa sababu biashara hii imetubadilisha watu wa huku kuliko tunavyokiri, na mimi ni mmoja wao.

Nimelelewa kutomwamini mtu nisiyejua ukoo wake. Mama yangu aliuza ndizi na ulezi sokoni, na kabla ya kumpa mtu debe moja kwa mali kauli alimuuliza wewe ni mtoto wa nani, umeolewa wapi, mama yako alizaliwa wapi. Majibu yakimridhisha, mtu alichukua debe akaondoka bila karatasi. Yasipomridhisha, hata fedha taslimu aliihesabu mara mbili. Msimcheke. Miaka ya 2000 koo za Kikurya, zikiwemo za Wanchari, Wairegi na Wanyabasi, zilipigana, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, mpaka Tarime na Rorya zikafanywa kanda maalumu ya kipolisi. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo anajua kwamba swali la ukoo lina uzito wake. Ukoo wangu mwenyewe siutaji, maana msomaji wa Tarime akishaujua atayasoma yote yanayofuata kwa jicho hilo.

Bidhaa za dukani tulizipata kwa njia mbili. Wenye mitaji walikwenda Mwanza, wachache Kariakoo, wakarudi na mabelo. Sisi wengine tulikuwa na Sirari, mpakani na Kenya. Unashuka na hiace asubuhi, unavuka kwenda Isebania, unachukua sabuni, mafuta ya kupikia, viatu vya watoto, unarudi kabla ya jioni. Sirari shilingi zote mbili zinafanya kazi, na watu wengi wana laini mbili, ya kwetu na ya Kenya, kwa kuwa mtandao wa ng'ambo unaingia mpaka vyumbani. Lakini hata Sirari mteja aliishika bidhaa. Aliikunja, akaivuta mshono, akaipeleka juani kuangalia kama rangi itachuja. Kumlipa mtu usiyemwona, kwa kitu usichokishika, kungemfanya mama yangu akuulize kama una homa.

M-Pesa ilianza nchini 2008, na kwa miaka ya mwanzo tuliitumia kwa jambo moja: kuomba na kutumiwa. Kijana aliye Dar anatumiwa ya nauli, bibi aliye Nyamwaga anatumiwa ya dawa, na kila anayetuma anasisitizwa "tuma na ya kutolea". Mimi nilipopata uwakala nilikuta desturi moja imeshaota. Kabla mtumaji hajathibitisha muamala, simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Wateja wangu, hasa kina mama wasiosoma vizuri, walikuwa wanasema, "Soma jina, mama." Ninasoma. Kama jina ni la Kikurya wanatikisa kichwa, endelea. Kama si la Kikurya wanauliza, "Huyo ni kabila gani?" Niliwahi kukaa dakika nzima na mzee mmoja tukijadili kama jina lililotokea ni la Kihaya au la Kinyambo, wakati foleni imefika barabarani. Ndivyo tulivyouhamishia uchunguzi wa sokoni kwenye kioo cha simu.

Kisha zikaja simu janja za bei ndogo, zikaja bando za siku, na Facebook ikafuatwa na WhatsApp na Instagram. Hapa niseme jambo ambalo watu wa mijini hulikosea. Maduka makubwa ya mtandaoni, yale yenye tovuti na kikapu cha kununulia, kwetu hayakufika kwa maana ya kufika. Jumia ilikuwepo Tanzania tangu 2014 ikafunga Novemba 2019, na wateja wangu wengi hawakujua kama ilikuja wala kama iliondoka. Ng'ambo ya mpaka ilibaki, na hadi leo mtu wa Migori anaagiza, anaambiwa kituo cha kuchukulia mzigo wake, anauchukua. Wajanja wa Sirari hutumia ndugu zao wa upande ule. Lakini simu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kupitia Migori. Utaratibu rahisi wa cheti cha asili, unaoondoa ushuru wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na afisa wa forodha pale kituoni anajua kusoma kibandiko.

Kilichofika kwetu ni stetasi ya WhatsApp. Dada mwenye fremu Kariakoo anapiga picha dera, anaiweka kwenye stetasi yake. Binamu yake aliye Mwanza anaichukua na kuiweka kwenye yake. Shemeji wa binamu aliye Tarime anaiona. Hakuna tovuti hapo. Kuna watu wanaojuana, mmoja akimdhamini mwenzake kwa kule tu kuibeba picha yake. Instagram ilikuja kuongeza wasiojuana, na ndipo tukajifunza lugha mpya ya biashara. "Bei inboksi", ambayo mimi naichukia, kwa sababu mtu anayeficha bei hadharani anataka kwanza ajue wewe ni nani ndipo akupangie. "Jumla na rejareja." "Dar tunakuletea ulipo." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Mikoani tunatuma kwa basi, malipo kwanza."

Nitayarudia maneno hayo mawili ya mwisho. Kwanza niseme vilivyomo ndani ya vifurushi, maana watu wananiuliza kila siku.

Mawigi yanaongoza. Baada ya mawigi ni madera, pochi, viatu, vyombo vya jikoni vya rangi zinazofanana. Mwisho wa mwezi, mishahara ya mgodi wa North Mara ikitoka, Nyamongo inaagiza televisheni na spika. Wachimbaji wadogo wanaagiza mashine za kutafutia dhahabu, na hao hawapigi simu. Wanakuja wenyewe wawili watatu, mmoja anasaini na wengine wanatazama barabara. Vipuri vya pikipiki havina msimu. Vifaranga vya siku moja vinakuja na basi la Mwanza kwenye maboksi yenye matundu, na hivyo navitoa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu vikilia sana abiria waliokaa stendi wananigombeza mimi. Walimu wanaagiza vitabu. Wasichana wanaagiza taulo za kike za kufua, na zikija kwenye mfuko mweusi sisemi kitu, nasainisha tu. Wanaume wa makamo wanaagiza dawa za mitishamba walizoziona Facebook, ambazo daima zinaandikwa "vifaa vya ofisi". Sisemi kitu hapo pia.

Lililonigusa zaidi katika hayo yote ni wanawake. Kwetu mke aliyekwenda gulioni alikwenda na orodha iliyopitishwa, na aliporudi hesabu ilisomwa. Sasa naona mwanamke anauza mayai, fedha inakaa kwenye simu yake, anaagiza sufuria au uzi wa kufumia, kifurushi kinafika kwa jina lake na anakifungua mwenyewe mbele yangu. Wapo waliokuja na waume zao kwa hasira kwamba fedha ilitoka wapi. Wapo waume waliokuja kuniomba niwaonyeshe daftari. Daftari langu simwonyeshi asiye na kifurushi, na hilo nimelisema kwa Kiswahili na kwa Kikurya.

Sasa malipo kwanza.

Mtu wa Sinza au Mbagala, kule Dar, akiagiza dera, bodaboda anamletea mlangoni. Analitazama, analijaribu, likimbana analirudisha, likimfaa analipa. Mtu wa Tarime au Mugumu analipa bei yote, anaongeza nauli ya basi, kisha anasubiri. Ikija saizi nyingine, nauli ya kuirudisha ni yake. Ikija rangi nyingine, anaambiwa picha ilipigwa na mwanga wa taa. Isipokuja kabisa, namba haipatikani. Maskini wa mbali ndiye anayebebeshwa hatari yote ya safari, na mwenye uwezo wa karibu habebeshwi hata kidogo. Nimekaa kwenye meza hii nikaona watu wazima wakifungua boksi na kunyamaza.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliagiza cherehani ya umeme kwa muuzaji aliyemwona mtandaoni. Alilipa yote. Lilikuja boksi la cherehani, ndani mna kichwa cha cherehani ya zamani kilichopakwa rangi, bila mota. Muuzaji alijibu ujumbe mara ya kwanza, mara ya pili akamfungia. Mwalimu hakwenda polisi, kwa sababu mtuhumiwa yuko Dar na nauli ya kumfuata inakaribia bei ya cherehani. Sheria ipo: ile ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua mkataba uliofanywa kwa simu, na inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe kwa jina na anwani. Ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huo huo, inamgusa tapeli. Lakini sheria inamhitaji mtu wa kuibeba kutoka Tarime mpaka alipo muuzaji, na mwalimu ana vipindi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kutokana na cherehani ile nikaanzisha utaratibu ambao wateja wanauita "fedha iko katikati". Ni kazi ya mshenga, na sisi Wakurya tunaijua: mtu wa kati ambaye pande mbili zisizoaminiana zinaweza kumwachia ng'ombe. Mnunuzi anaweka fedha kwangu, ninaiandika kwenye daftari, anasaini nami nasaini. Nampigia muuzaji, namwambia fedha yake ninayo, naweka jina langu na jina la stendi. Anatuma mzigo. Ukifika, tunaufungua hapa mezani mbele ya mnunuzi, kijana wangu akirekodi kwa simu tangu selotepu haijakatwa. Ukiwa ndio, namtumia muuzaji fedha yake na ya kutolea, papo hapo, na basi lijalo halijaondoka. Usipokuwa ndio, mzigo unarudi na fedha inarudi, na nauli wanagawana kama tulivyokubaliana kwenye simu. Mimi nachukua kitu kidogo kwa kila mzigo. Kadi za bei sijachapisha.

Wauzaji walikataa mwanzoni, wengine kwa matusi. "Dada, mikoani malipo kwanza, kama hutaki acha." Nao nawaelewa kwa upande mmoja. Mteja wa mkoani anaagiza, mzigo unafika, yeye ameshapata mwingine sokoni au fedha imekwenda kwenye ada, basi hafiki stendi. Muuzaji analipa nauli ya kwenda na kurudi kwa dera ambalo limekunjika. Huyo naye ameibiwa, na hatumhurumii kwa kuwa yuko Kariakoo. Ndiyo maana fedha iliyo katikati inawafaa wote wawili: muuzaji anajua ipo, mnunuzi anajua haijaondoka. Waliokubali kwanza walikuwa kina mama wenye fremu ndogo, wanaohitaji kila mteja. Wenye wafuasi maelfu kwa maelfu wengi wao hawajakubali hadi leo, na sioni dalili.

Katika kuwapigia watu hao simu ndipo mabadiliko yangu mimi yalipotokea, na sikuyaona yakija. Nilikuwa nazungumza kila siku na Wapemba, Wachaga, Wakinga, Wahindi wa Mtaa wa Uhuru, watu ambao sitakaa niwaone. Nilijua nani anafunga boksi vizuri, nani anatuma siku aliyosema, nani akikosea anakiri. Siku moja mama yangu alikuwa amekaa nyuma ya meza akiniangalia ninavyobishana na muuzaji mmoja na kucheka naye, nilipokata simu akaniuliza, "Huyo ni mtoto wa nani?" Nikamwambia sijui. Akauliza utamwaminije sasa. Nikafungua daftari nikamsomea mizigo yote ya muuzaji huyo, tarehe kwa tarehe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hata Mkurya wa ukoo wetu hana daftari zuri namna hiyo. Na kweli, wateja wangu nao walikuwa wameshaacha kuuliza kabila la jina linalotokea kwenye simu. Siku hizi wanauliza, "Huyu ameshatuma kwako?" Wa ukoo huu wananunua kwa wa ukoo ule bila kujua, wakati mwingine wakijua, na dera linavaliwa.

Sitapamba. Imani hii mpya ina wezi wake, na wezi ni wepesi kuliko sisi. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeliza watu wa Tarime kama ulivyoliza wa nchi nzima. Mtu anatarajia kutuma fedha kweli, ujumbe unaingia saa hiyo hiyo, anadhani ni wa yule yule. Kwenye ukuta wangu nimebandika namba 15040 ya kupeleka jumbe za matapeli, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika mwisho wake Januari 20, 2020, tuliambiwa utapeli utapungua. Kwa macho yangu umebadilika sura tu. Na Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, watu walirudi kwa makonda wakiwa na noti ndani ya bahasha, na bahasha nyingine hazikufika. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, wateja wakarudi polepole, wengine hawakurudi.

Mume wangu alipohamishiwa Mugumu, meza ya Tarime nilimwachia mdogo wangu nikafungua nyingine kule. Kutoka Tarime kwenda Mugumu si mbali kwa ramani. Unapita Nyamongo, unavuka Mto Mara, unaingia Serengeti. Kwa mizigo ni nchi nyingine. Tarime ina barabara kuu ya lami inayokwenda Sirari, na tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mzigo wa Dar unafika ukiwa bado una harufu ya duka. Mizigo mingi ya Mugumu inakuja kwa kubadilishwa gari Musoma au Bunda, na ya Arusha inakuja na basi linalokatiza Ngorongoro na hifadhi ya Serengeti na kutokea upande wa Ikoma. Nimewahi kumwambia muuzaji wa Arusha kwamba mzigo wake umechelewa kwa sababu ya nyumbu waliokuwa wanavuka barabara, akanijibu kwamba uongo wa aina hiyo hajawahi kuusikia.

Tatizo kubwa la Mugumu ni kumfikia mnunuzi. Watu wako Robanda, Natta, Machochwe, Merenga, na nauli ya kuja mjini kuchukua pochi inaweza kuzidi faida ya kuinunua rahisi. Mwaka 2022 Serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi, vibao vya mitaa vikasimikwa na nyumba zikapata namba, lakini kijana wangu wa bodaboda anayepeleka mizigo vijijini anatumia ramani nyingine, na ramani hiyo ina habari yake.

Tangu 2015 kuna mradi wa watu wa kujitolea unaoitwa Crowd2Map Tanzania. Watu wa nchi mbalimbali wanakaa kwenye kompyuta, wanatazama picha za satelaiti, wanachora njia na nyumba zetu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kisha watu wa huku wanaongeza majina ya vijiji, zahanati, maduka. Hawakuanza kwa ajili ya mawigi. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998, lakini Desemba ya msimu wa kukeketa ikifika wasichana wanakimbia usiku, na gari la kuwafuata lilikuwa linapotea kwa kuwa kijiji hakimo kwenye ramani yoyote. Rhobi Samwelly, mwanamke wa hapa hapa Mara, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania lenye nyumba salama Mugumu na Butiama. Wanaitumia ramani hiyo, na wamewapa simu janja wawakilishi wa vijijini ili waripoti ukatili kutoka huko huko walipo. Kijana wangu anaipakua ramani ile ile kwenye simu, inamwongoza hata pasipo na mtandao. Mwanamke aliyekaa Uingereza au Ujerumani jioni moja akachora kijia cha kwenda Merenga hajui kwamba kijia hicho kimepitisha mtungi wa gesi. Nilipoelewa habari hiyo niliacha kabisa kubishana na wanaosema simu imeleta uovu mtupu. Imeleta. Msichana aliyefikiwa kwa wakati naye ni matokeo yake.

Lakini mtandao wenyewe nao hukatika. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikazimwa na kukaa siku kadhaa bila kurudi. Waliokuwa na duka kwenye stetasi tu hawakuwa na duka. Mimi nilikuwa na daftari lenye namba za simu. Ninawashauri wafanyabiashara wenzangu waandike wateja wao kwenye karatasi, hata kama vijana wanacheka.

Nimalizie na jambo ambalo limenifungua macho kuliko yote. Siku hizi mizigo haiji tu, inatoka pia. Wakurya walio Dar wanaagiza unga wa ulezi na wa muhogo wa nyumbani. Kuna wanaoagiza kahawa ya milimani Tarime, kuna wanaotaka asali ya Serengeti. Kina mama wa hapa wanapiga picha, wanaweka kwenye stetasi, wanapata wateja. Na mteja wa Dar anawaambia nini? "Nitalipa nikishapokea, mama, matapeli wengi siku hizi." Wanatuma, kwa sababu wanahitaji mteja. Basi mtu wa Tarime akinunua kwa mtu wa Dar analipa kabla, na akimuuzia mtu wa Dar analipwa baadaye. Hatari ya kwenda ni yake na hatari ya kurudi ni yake. Hakuna mahali pameandikwa kwamba iwe hivyo. Tumezoeshwa.

Kwa hiyo ninaomba. Wauzaji wa Kariakoo, ondoeni maneno "malipo kwanza", wekeni "fedha katikati", mtakuta wateja wa mikoani wanaongezeka kuliko wanaowatoroka. Kampuni za mabasi, kila stendi mna meza yenye mtu na daftari. Mruhusuni apokee malipo kwa niaba ya muuzaji mzigo ukishafunguliwa. Shirika la Posta lina ofisi Tarime na lina ofisi Mugumu, lina kaunta, lina mhuri ambao hata mama yangu anauheshimu. Kazi hii lingeifanya kwa ukubwa ambao mimi na kijana wangu mwenye pikipiki hatuwezi. Nawe unayesoma, ukiwa mnunuzi, usilipe kabla hujauliza kama muuzaji anakubali mtu wa kati. Akikataa, nunua kwa anayekubali. Mtu wa Merenga naye alipe akishaona, kama anavyolipa mtu wa Sinza.